Chungu cha Nyeupe

Mjukuu wangu wa kike anapaka picha. Anapaka vizuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Nimeona picha za wengine, nyingi hazina kichwa wala miguu. Yeye ana rangi za kila aina: za mafuta, za maji, na zingine za vichupa ambazo sijui hata majina yake. Juzi aliniuliza mimi bibi yake, "Koko, wewe ulijifunza kwa nani?" Nikamwambia nilijifunza nyuma ya nyumba, mahali kuku wanapokunya. Akacheka akafikiri ni utani. Si utani. Shule niliiacha mapema, kuandika kwangu ni kwa kukokota, lakini hii nitaiandika mwenyewe.

Kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto, nyumba zilikuwa za udongo, na kupaka kuta ilikuwa kazi ya wanawake. Mvua ilipokwisha na kiangazi kuingia, kila mama aliitazama nyumba yake kama anavyomtazama mtoto aliyetoka kucheza matopeni: huyu leo anaoga. Mvua ilikuwa imekula michoro yote ya mwaka uliopita, basi tunaanza upya. Udongo mweupe tulichimba kwenye kijito, nyuma ya mashamba ya muhogo. Mwekundu ulikuwa popote unapokanyaga. Mweusi ulikuwa makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na maji ya majani ya muhogo ili yashike. Burashi yetu ilikuwa kijiti ulichokitafuna ncha mpaka kikawa kama mswaki, ama unyoya wa kuku, ama kidole chako mwenyewe.

Mtoto wa kike alianza na mgongo wa nyumba. Huko hata ukiharibu, mbuzi hawasemi. Akikomaa, anapewa mbavu, yaani kuta za pembeni. Lakini uso wa nyumba, ule ukuta wenye mlango, ulikuwa wa mama. Na hata ukiolewa, uso wa nyumba yako wewe unapakwa na mama yako, kila kiangazi, mpaka siku atakayokukabidhi chungu chake cha nyeupe. Nyeupe njo inaanza, yaani ndiyo ya kwanza. Bila nyeupe chini, rangi zingine hazionekani. Mwenye chungu njo mwenye uso.

Mama yangu alikuwa hataki kunipa chungu.

Niliolewa nikavuka mto, nikakaa upande wa mjini karibu na gari la moshi, maana mume wangu alifanya kazi kwenye atelye, karakana ya mabehewa. Nikazaa mmoja, wawili, mpaka wanne. Kila kiangazi mama alivuka na pirogi, yaani mtumbwi, chungu amekibana katikati ya magoti, kimefunikwa na jani la mgomba. Alifika, akaupiga ukuta wangu kwa kiganja kabla hata ya kunisalimia, akasema, "Hii nyumba inaona haya." Halafu anafunga kitenge vizuri kiunoni na kuanza. Mimi natwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mimi, mke wa mtu, natwanga sombe huku mama yangu akiuosha uso wa nyumba yangu mbele ya karitye nzima, mtaa wote ukiona.

Jirani yangu, mke wa dereva wa gari la moshi, alikuwa na mdomo kama mkasi. Alisimama njiani akasema, "Mama wa watoto wanne, mpaka leo wanamunawisha uso?"

Mama akajibu bila kugeuka, "Siku atajua kunawa, nitamuachia."

Nilimwuliza mara moja, wazi, ananinyima kwa nini. Akasema, "Mukono yako iko na haraka. Unafunika kila kitu. Minaweka nyeupe, wewe unaikanyaga na rangi yako kama muntu anakanyaga siafu." Nilikasirika siku nzima. Lakini nilijua anasema kweli, maana kuta zangu za mbavu zilikuwa nzito, rangi juu ya rangi, kama mtu aliyevaa nguo zake zote kwa pamoja.

Basi nikataka kumshinda. Mume wangu aliniletea mabaki ya rangi ya mabehewa, rangi ya mafuta, kopo la nyekundu na kopo la kijivu. Nikapaka ukuta wa pembeni. Bibi wee, ule ukuta uling'aa mpaka mbuzi alijiona ndani akataka kupigana. Watu walikuja kuangalia. Mama alipofika alinusa, akaguna, "Nyumba imevaa koti ya mvua." Mvua zilipoanza, maji yakaingilia juu, chini ya paa. Ukuta wa udongo unatoka jasho, na ile rangi haikuuacha upumue. Ikavimba, ikaanza kutoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, ikibeba na udongo wenyewe. Watoto wangu waliibandua wakatengenezea kofia. Mama alipokuja hakunicheka sana. Alisema tu, "Koti imevuliwa," akaingia ndani kula.

Wakati ule nilikuwa ninafua na kupiga pasi kwa masista. Palikuwa na sista mmoja mzee, tulimwita Masere, mzungu mwembamba, aliyependa kupaka ndege na maua kwenye karatasi nene. Sanduku lake la rangi ya maji lilikuwa na vipande vidogo vya mraba, kama peremende zilizolambwa. Mimi nikipeleka mashuka nilikuwa nasimama mlangoni nikiangalia mkono wake. Siku moja akasema, "Mama, ukisimama hapo kila siku utaota mizizi. Kaa." Akanipa karatasi na burashi nyembamba kama mkia wa panya.

Nilimwambia sitaanza siku ile, sina vifaa. Alishangaa, vifaa gani tena? Kesho yake nilikuja na udongo mweupe umefungwa kwenye jani. Nikaipaka karatasi yake nzuri udongo, kila pembe, nikaianika juani. Ilipokauka nikachovya burashi kwenye bluu. Bluu ikazama. Nikachovya kijani, kikazama. Nikaongeza nyekundu, na vyote vikaungana vikawa rangi ya uji wa mgonjwa. Masere alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, nyeupe ya nini?"

"Masere, sisi tunaanza na nyeupe."

"Lakini karatasi iko nyeupe tayari. Nyeupe yako njo karatasi. Hapa hatupaki nyeupe, tunaiacha."

Sikumwelewa. Akachukua karatasi nyingine. Akalowesha burashi maji mengi na bluu kidogo na kahawia kidogo, akaanza kupaka mto wetu, maji yale mazito ya matope. Alipaka akizunguka mahali fulani, akapaka hapa, akapaka pale, na pale katikati hakugusa. Halafu nikaona nyange, yule ndege mweupe, amesimama majini. Shingo, mgongo, mguu mmoja umekunjwa. Nyange hakupakwa. Alikuwa amebaki.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa mwanamke mzima, nimezaa, nimezika, na bado nilisikia mwili kusisimka kama mtoto aliyeonyeshwa mahali sukari inapofichwa.

Tangu siku ile, nikimaliza pasi nilikaa na Masere. Nilipoteza karatasi nyingi. Rangi ya maji haikubali kuamrishwa, ukiisukuma inakimbia, ukiogopa inakauka na kuacha ukingo. Nilijaribu nyumbani kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, haikuwezekana, maana pale chini ni kahawia, hakuna nyeupe ya kuacha. Nikajaribu mgongo wa kalenda ya zamani, ikawa afadhali. Polepole mkono wangu ukajifunza kusimama. Nyange wangu wa kwanza alikuwa kama bata mwenye maradhi, lakini alikuwa amebaki mwenyewe, na nilimbandika juu ya kitanda changu.

Mwaka ule mama aliugua majira yote ya mvua. Alipona, lakini mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kiangazi kikaingia, sikumwona. Na ndipo shefu wa karitye akapita nyumba kwa nyumba kutangaza. Nchi ilikuwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na mkubwa akitoka Kinshasa hata majani ya barabarani yalitakiwa kusimama wima. Akasema mgeni atapita kwetu, kila uso wa nyumba uwe umepakwa, na asiyepaka ataeleza kwenye ofisi. Kwangu akasimama, akaniita raia kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa siku zile. "Sitwayene, huu ukuta njo nini?"

"Namungoja mama yangu."

"Wewe si mama?"

Majirani walisema paka tu, nani atakuuliza. Sikuweza. Nikipaka bila kupewa, ni kama nimemzika mama akiwa hai. Nilimtuma mume wangu avuke kumwambia asijisumbue, nitaeleza kwenye ofisi. Badala ya jibu, siku moja kabla ya mgeni, mama alifika mwenyewe, chungu katikati ya magoti kama kawaida. Mwenye pirogi alimshika kiwiko kumpandisha ukingoni na mama akamwambia amwachie kiwiko chake.

Akaanza asubuhi. Zamani mkono wake ulilaza nyeupe kama shuka kitandani, bila mkunjo. Siku ile udongo ulidondoka. Aliweka kiganja ukutani, kikatetemeka, kikaacha doa. Akapumzika. Akaweka lingine, mbali na lile la kwanza. Hakuweza kufika juu ya kifua chake. Jua lilipokuwa kichwani ukuta wote ulikuwa mwekundu na madoa meupe yaliyotawanyika, marefu, mafupi, yenye kingo za kuchanika. Akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Shefu akapita. "Huu ukuta iko mugonjwa. Kesho asubuhi mgeni anapita."

Jirani mwenye mkasi akaja, na safari hii alisema kwa sauti ya chini, "Dada, chukua chungu usawazishe. Jaza mashimo. Mama yako amechoka."

Chungu kilikuwa pale, karibu na mguu wa mama. Mkono wangu ungefika. Ningesawazisha kwa muda mfupi tu, na uso wa nyumba ungekuwa wangu, lakini ningekuwa nimemfuta mama yangu mbele ya macho yake. Mama alikuwa ananiangalia. Alijua ninachofikiri.

Nikarudi nyuma mpaka njiani nikautazama ule ukuta, na nikawaona. Wamesimama pale. Nyange.

Sikukigusa chungu cha nyeupe. Nilisaga makaa, nikakamua majani, nikachanganya na majivu na maji mengi, nyepesi, namna ya Masere. Nikaanza kupaka mto. Nilipaka katikati ya madoa, nikizunguka kila moja, polepole, burashi ya kijiti ikipita kandokando kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Pale mkono wa mama ulipotetemeka, ukingo wa nyeupe ulikuwa umechanika, na ule mchaniko ukawa manyoya. Nilitia tu jicho hapa, mdomo pale, mguu mweusi ndani ya maji.

"Unafanya nini na nyeupe yangu?" mama akauliza.

"Siigusi, mama."

"Minaona unaizunguka kama mbwa."

"Ngojea."

Akangoja. Nilipofika mlangoni, watu walikuwa wamejaa. Kundi zima la nyange lilikuwa limesimama kwenye mto, kuanzia pembe moja ya nyumba hadi nyingine. Jirani yangu akasema, "Huyu wa pale iko na shingo ya bwana yangu," na watu wakacheka.

Mama akainuka. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Akamwonyesha mmoja kwa kidole. "Nani alipaka huyu?"

"Wewe."

"Mimi nilipaka doa."

"Mimi nilipaka mto. Yeye akabaki."

Alipitisha kidole pembeni ya mgongo wa yule nyange, taratibu, akitafuta mahali rangi yangu ilipopanda juu ya yake. Alitafuta sana. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Halafu akarudi kwenye kigoda, akakaa, akasema kwa sauti ya mtu anayelalamika njaa, "Hukunikanyaga."

Nikamletea chakula. Akala vizuri. Alipomaliza kunawa, alisukuma chungu kwa mguu mpaka kikafika kwangu. "Kiweke ndani. Kizito, nimechoka kukivusha."

"Kiangazi kinachokuja utakihitaji."

"Kiangazi kinachokuja nitakuja kula."

Mgeni mkubwa alipita kesho yake, vioo vya gari vimefungwa, hakuona nyange wala nyumba. Mvua zilipokuja ziliwala nyange wote, kama zilivyokula kila kitu kabla yao, na mwaka uliofuata nilianza upya kwa mkono wangu na chungu changu. Masere alirudi kwao akaniachia sanduku lake, na hapo njo ilianza safari yangu nyingine, ya karatasi na vitambaa, mpaka kwa huyu mjukuu ninayejivunia. Chungu kiko chini ya kitanda changu. Ameshakiangalia mara mbili tatu. Mimi najifanya sioni.

Lakini siku ile aliyoniachia chungu, nilimsindikiza mama mpaka mtoni. Akaingia kwenye pirogi, akakaa mahali pake, akakunja magoti kama alivyozoea, na katikati hapakuwa na kitu. Mikono yake haikujua pa kukaa. Akaiweka mapajani, akaitoa, akashika ukingo wa pirogi upande huu na upande ule. Mwenye pirogi akasukuma. Walipofika katikati ya maji nilimwona ameinamisha mkono mmoja pembeni, ule unaotetemeka, ameuacha tu unaburuzika kwenye mto.