Kona ya Juu ya Daraja

Gari tulilokodi kumpeleka mdogo wangu hospitalini Busia lilisimama juu ya daraja, na sisi tulikuwa nyumbani, chini yake. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Dereva akanipigia.

"Mama, ramani inasema nikate kushoto hapa."

"Hapo hakuna kushoto. Hapo ni hewa."

"Lakini simu inaonyesha kona."

"Basi iambie simu itangulie kuruka."

Kona hiyo niliijua. Barabara ya malori ya kwenda Malaba hupita juu, njia ya kwetu hupita chini. Kwenye ramani hii ambayo mtu yeyote anaweza kuchora, mistari miwili ikikatana unasema upi ni daraja, unauweka tabaka la juu, na huweki nukta pale inapokatana. Ukiweka nukta, simu inaamini njia zimekutana. Nilifundishwa hayo katika ukumbi wa kanisa. Shule niliiacha wazazi walipofariki, ili wadogo zangu wasome, na tangu hapo mafunzo ya bure hayanipiti.

Siku za nyuma niliikuta nukta kwenye daraja letu, nikaifuta. Jirani yangu wa bodaboda, niliyefunzwa naye, akairudisha. Nikafuta. Akarudisha, na ujumbe juu: "Dada, watu hushuka hapo kila siku. Unataka kutufungia njia?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichosha. Kwetu mtu akishushwa na basi karibu na daraja hazunguki hadi sokoni. Anateremka ukingoni akishika nyasi, gunia lake likibingirika mbele. Lakini gari si gunia!

Sasa, kwenye simu, nilimwambia dereva azunguke. Akasema malori yamejipanga nyuma yake na mbele yake, hawezi kugeuza. Ikabidi tupande kwa miguu. Jirani alikuja mbio, akamshika mdogo wangu mkono mmoja, mimi mwingine, tukaanza kuukwea ukingo.

"Si unaona, dada, njia ipo?"

"Nyamaza."

"Mimi nasema tu. Ipo."

"Ipo ya mbuzi!"

"Nyinyi wawili," mdogo wangu akasema akihema, "mkigombana tena nitazaa hapa hapa kwenye nyasi."

Tukaendelea kukwea hadi garini.

Kwenye benchi nje ya wodi sikuwa na la kufanya ila kungoja, nikafungua simu. Niliifuta nukta, kisha nikachora kile kijia cha ukingoni chenyewe: cha miguu tu, chenye mwinuko mkali, kinachoanzia barabarani kabla ya daraja na kuishia njia ya kwetu. Kwa nini sikukichora mapema, badala ya kufuta tu? Hasira. Nikaanza kumwandikia jirani kwamba kijia chake kimewekwa, na akiigusa tena ile kona nitamfuata stejini mbele ya abiria wake.

Nesi akatokea mlangoni. "Dada ya mama wa mtoto ni nani?"

Ujumbe ule sikuumaliza. Niliingia.