Jina Chini ya Rangi Nyeupe

Tulikuwa wanne katika karakana ya rangi za magari huko Nyakato: fundi mwenyewe, dereva aliyesubiri bampa yake, bibi wa Buswahili aliyepakata msalaba wa chuma, na mimi.

Wajukuu wake walikuwa wameupaka msalaba huo wa kaburi la babu yao rangi nyeupe ya mafuta siku mbili kabla, wakalifunika jina.

"Si fundi aliandike upya tu, bibi?" dereva aliuliza.

"Aliyeandika ni mwanangu. Naye tulishamzika."

Dereva akageukia fundi. "Basi weka thina, bibi asichelewe."

"Thina haichaguagi," fundi akajibu. "Itakula nyeupe, itakula na maandishi."

Akachukua tapentaini. Wengi wetu huviita vimiminika hivi vyote vya kuyeyushia rangi thina, lakini tapentaini ni pole zaidi: hulainisha rangi changa, na ile iliyokomaa miaka mingi huiacha. Akalowesha kitambaa, akafuta kwa ncha ya kidole kimoja. Nyeupe ikateleza. Ukatokea mkia wa herufi nyeusi, kisha herufi nzima, kisha jina. Dereva alivua kofia, sidhani kama alijua kwamba ameivua.

Bibi hakujua kusoma. Alizifuata herufi kwa kidole bila kuzigusa.

"Ni mkono wake," akasema. "Alikuwaga anavuta mkia hivi."

Shuleni nilikariri kemia mpaka nikafaulu mtihani. Kuiona, nimeiona uzeeni, kwa mtu mwenye kitambaa kichafu.

Jumatano hii nimeletewa habari kutoka Buswahili kwamba bibi yule amefariki, nami najiuliza ni mkono wa nani utakaoandika jina lake.