Alama Mbili Katika Sikio la Kushoto

Ildefonsi Nangomwa wa Nambambo aliishi kwa kanuni moja: mbuzi wa mtoto hauzwi, ila kwa haja ya mtoto mwenyewe. Kila mwanawe alipozaliwa alimtengea mtamba mmoja, akamkata sikio kwa wembe, na tangu siku hiyo mbuzi yule na uzao wake wakawa mali ya mtoto. Mwaka wa njaa aliuza baiskeli yake. Mbuzi hakuwagusa.

Kanuni hiyo ilikuwa na chanzo. Mwaka 1989 alifariki mjomba wake, mwenye boma la mbuzi juu ya kilima. Kwa mila yao, Wamwera, mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake, si kwa wanawe wa kuzaa. Ildefonsi ndiye aliyekuwa mpwa. Alipopanda kuchukua boma alimkuta mjane, Getruda, akifunga sufuria mbili na jembe katika kanga. Mjane hakumtukana. Alimwonyesha mbuzi mmoja, akasema, "Huyu mweupe umwangalie, huwa anazaa kwa shida." Kisha akashuka na wanawe wanne.

Siku hiyo Ildefonsi alijiapiza kwamba mke wake, Marietha, hatashuka kilima kile namna ile.

Mimi siilaumu mila. Ilikuwa inajulikana na kila mtu, na ilikuwa na mlango wake: mtu akiwa hai anaweza kuwagawia wanawe, mradi dada yake na wapwa wake wasikie kwa masikio yao. Ildefonsi aliujua mlango huo. Miaka kumi na minne aliupita bila kubisha hodi.

Kila Julai, ufuta ukishavunwa na shule zikifungwa, alipanda kilimani na familia yake, wakashinda huko kutwa nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yao. Marietha alibeba unga na maji, watoto wakabeba chumvi ya mbuzi. Juu kulikuwa na upepo na majani mafupi, na mbuzi walitapakaa mawe kwa mawe. Jenifa, binti wa kwanza, alikuwa na alama mbili katika sikio la kushoto la mbuzi wake. Hakuhitaji kuzitazama. Aliita tu, nao wakaja kulamba chumvi kiganjani. Mwaka 2003, akiwa darasa la saba, mbuzi wake walikuwa tisa.

"Ukienda sekondari, hawa watano ni sare, madaftari na godoro la bweni," baba yake alimwambia. "Wanne wabaki wakuzalie wengine."

Mwaka huo Marietha alikuwa amechoka kungoja. "Baba Jenifa, mwite wifi. Mwite na Edwin. Useme wakusikie."

"Nitasema."

"Ulisema hivyo mwaka jana na mwaka juzi."

Akawaita. Dada yake, Teodosia, alikuja kutoka Mbekenyera na Edwin, mwanawe mkubwa. Mama yule alikuwa mnene na mcheshi, akapanda akipumzika kila penye jiwe.

"Ilde, mbuzi wako wanakaa karibu na mbingu namna hii, wanasali?"

"Wanakuombea wewe upungue, dada," akajibu Ildefonsi.

"Nikipungua, wifi yangu atasema ndugu wa mumewe anakufa njaa Mbekenyera."

"Wifi, wewe ukifa njaa, sisi tutakuwa tumeshaoza," Marietha akasema, na wote wakacheka, hata Edwin aliyekuwa kijana wa maneno machache.

Walichinja beberu. Walikula ugali na nyama ya kuchoma, na Jenifa akampeleka shangazi yake kuwaona mbuzi. Teodosia alimshika mmoja sikio. "Hii alama ya nini?" Jenifa akafungua kinywa, lakini mama yake, aliyekuwa amewafuata, akamkonyeza. Hilo lilikuwa neno la baba kulisema.

Jua lilipoanza kuinama, Teodosia alinawa mikono, akamgeukia mdogo wake. "Haya, Ilde. Umenipandisha huku na miguu yangu hii. Umetuitia lipi?"

Marietha aliacha kukusanya vyombo. Ildefonsi alimtazama dada yake aliyemlea baada ya mama yao kufa, akamtazama Edwin, mrithi wake, aliyekuwa akichokoa nyama kwenye meno kwa kijiti. Alichokuwa nacho kusema kilikuwa kifupi: wenye alama ni wa wanangu. Kwa masikio ya dada yake, maneno hayo yangemaanisha: mwanao nimemnyima.

"Hakuna lolote, dada," akasema. "Nilitaka tule nyama pamoja tu. Mengine mwakani."

Teodosia akacheka. "Basi mwakani uchinje wawili."

Waliposhuka, Marietha alitangulia mbele peke yake na hakugeuka nyuma.

Novemba, mvua za kwanza, Ildefonsi alishikwa na homa. Siku ya nne alifariki. Desemba matokeo yalibandikwa shuleni, na jina la Jenifa lilikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari. Arobaini ilipokwisha, ukoo ulikaa uani kwa Marietha kugawa vitu vya marehemu. Edwin aliuliza kwa upole, sina haki ya kusema vinginevyo.

"Nasikia kuna mbuzi wa watoto. Mjomba alisema lini?"

"Kila mwaka," Jenifa akasema. "Wenye alama mbili ni wangu. Baba alisema."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yetu."

"Nyinyi ndio wapewaji, dada. Nani mwingine?"

Wote wakamgeukia Teodosia. Alikuwa analia. Angeweza kudanganya, na pengine wangemwamini.

"Nilikuwa kilimani," akasema. "Nilimuuliza kwa kinywa changu. Alinijibu ameniitia nyama. Siwezi kumsemea marehemu neno ambalo hakulisema."

Nami namheshimu kwa hilo, ingawa najua lilifanya nini.

Edwin aliwateremsha mbuzi asubuhi iliyofuata, thelathini na wawili. Walipopita mbele ya nyumba, kundi la Jenifa liliacha njia, likaenda kumzunguka mlangoni likitafuta chumvi. Alikunjua viganja kuwaonyesha kwamba hana kitu. Edwin alingoja kidogo, kisha akawaswaga kwa fimbo kuelekea njia ya Mbekenyera.

Jenifa hakwenda sekondari. Januari ile alikuwa akipalilia mashamba ya watu pamoja na mama yake. Kilimani hawajapanda tena. Hicho ndicho ukimya wa Ildefonsi ulichowagharimu: mbuzi wote, shule ya binti yake, na ile siku moja ya mwaka waliyokuwa na furaha.