Udongo wa Rupingazi

Kazi yangu ilikuwa kupima matope. Kwa heshima huitwa mashapo, yaani udongo na mchanga ambao mto hubeba kutoka mlimani, lakini majirani zangu pale mtaani Dallas, mjini Embu, waliniita mama wa matope, nami sikubishana nao. Chupa za maji ya mto Rupingazi zililetwa maabara. Nilipima karatasi kavu, nikachujia maji juu yake, nikaikausha kwenye oveni, nikaipima tena. Kilichozidi ndicho ulichobeba mto. Ukishaandika uzito, karatasi unaitupa kwenye pipa na udongo wake.

Masika ya mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumua, na sisi kazini tuliifurahia. Siku moja ya mafuriko hubeba udongo mwingi kuliko kiangazi chote, na ukikosa chupa za siku hiyo hesabu ya mwaka ni bure. Mzee aliyetuchotea maji pale darajani alichota mchana kutwa, kama alivyoagizwa.

Mchana huohuo, juu kidogo ya daraja hilo, kipande cha shamba la baba kiliteremka mtoni, kahawa, migomba na zizi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa zizini akimfungua ndama. Watu walimtafuta mpaka wakachoka, hawakumpata.

Nilienda nyumbani, nikanywa chai ya kila aliyeleta chai, nikarudi kazini. Sikulia. Nilikingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya, na hakikuja. Chupa za mafuriko zilikuwa zimepangwa mezani, nyekundu zote, nikazichuja. Aliyenipa pole nilimjibu asante macho yakiwa kwenye mizani, na wengine wakasema nina moyo mgumu. Kusema kweli sikuwa na moyo wowote wakati ule, mgumu wala laini. Nilijua udongo ule umetoka wapi. Nilijua tu, kama unavyojua leo ni Jumanne.

Kisha baba akapigiwa simu kwamba kuna mwanamume ameokotwa huko chini mtoni, upande wa Gachoka, kijana mrefu, amevaa gambuti, yale mabuti ya mpira ya zizini. Kwetu vijana huchimba kaburi asubuhi ya mazishi, mwili ukiwa njiani. Baba alikuwa amechoka kungoja, akawaambia wachimbe kabla hatujaenda kumtambua. Tulipofika mochari, haikuwa yeye. Alikuwa mtoto wa watu wengine. Tulimfunika uso, tukarudi nyumbani kwenye kaburi lililo wazi.

Kaburi wazi si jambo la mchezo kwetu. Likishachimbwa halifukiwi tupu, lazima lipewe kitu. Shangazi zangu waliacha kupita upande ule wa boma. Wajomba wakasema tuzike mgomba kama walivyofanya wazee, yaishe. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alikataa katakata. Hakutaka mwanawe awe mgomba. Mvua ikajaza shimo maji, vijana wakayachota kwa ndoo, ikalijaza tena.

Jumapili moja baada ya ibada baba aliniita kando.

"Wewe si ndio huchuja huo mto?"

"Ndio mimi, baba."

"Na ule udongo wa hiyo siku uko wapi?"

"Uko ofisini. Nikimaliza kuandika natupa."

"Usitupe. Niletee."

Nilitaka kumwambia kwamba udongo ule ni wa mashamba mengi ya watu tusiowajua, na wa msituni pia. Badala yake nikasema nitauleta. Mkubwa wangu wa kazi alisema mradi uzito umeshaandikwa, nichukue. Nikakwangua karatasi moja baada ya nyingine kwa kijiko, nikautia udongo kwenye mfuko wa kaki. Hata hapo sikuhisi kitu, ila kwamba kijiko kilikuwa kikubwa mno kwa kazi ile.

Siku ya kuzika, mchungaji aliomba kwa ufupi, maana hakujua akiite nini kile alichokuwa akikiombea. Baba akainama, akamimina. Ulikuwa kidogo, haukufunika hata mahali pa kuweka kiganja, na shimo lilikuwa la mtu mzima. Akaukung'uta mfuko, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Hii ni kiasi gani?"

Nikajibu bila kufikiri, kama niko kazini. "Ni gramu themanini na kitu, baba."

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kando ya shangazi. Tangu shamba liporomoke hakuwa amesema zaidi ya ndiyo na hapana. Aliinua kichwa.

"Alizaliwa na kilo tatu," akasema.

Vijana walikuwa wameshika mabeleshi, lakini hakuna aliyeanza. Mimi nilikaa palepale juu ya udongo uliochimbwa, na gauni langu la kanisani, nikalia.