Kalonda Nilimuacha Ziwani

Siku ile nilikuwa ninatwanga mupunga pale Wamaza, na mama mukwe wangu ananisema, kama kawaida yake, kwamba ninaacha chuya nyingi. Mutumishi wa Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, akapita na habari. Kalonda, bwana yangu, yule waliyemuchukua upagazi kwa vita ya Wadachi, iko kwenye ziwa Tanganyika, amekatwa muguu. Na serikali inatafuta watu wa kubeba muchele kule.

"Nitaenda mimi," nikasema.

Mama mukwe akacheka. "Wewe? Shingo yako kama ya kuku."

Shingo hii munayoiona, wajukuu wangu, ilibeba gunia la muchele kutoka Kabambare, karibu na kwetu, mpaka ziwani, siku kumi na saba, milima juu ya milima. Wanaume walilia njiani. Mimi sikulia. Chini ya ngata, kichwani mwangu, mulikuwa na neno moja tu: nitarudi na Kalonda, hata mugongoni.

Siku ya mwisho tuliona maji. Tukashuka tunafurahi kama wajinga.

Meli ya Wadachi ilikuwa pale. Ikapiga muzinga.

Mutu wa mbele yangu alikuwa na kichwa, halafu hakuwa nacho.

Nikalala juu ya gunia. Ikapiga tena. Udongo ukanijaa mudomoni.

Halafu kimya.

Gunia langu lilikuwa limepasuka. Kapita, musimamizi wetu, akatuamuru tuokote muchele. Tukaokota. Ule mwekundu tukauacha.

Kwenye kambi ya wagonjwa nilimukuta mwanamuke anafua bendeji. Aliitwa Nyamizi, mutu wa upande wa Tabora, mateka, mujane wa askari wa Wadachi.

"Kalonda iko wapi?" nikamuuliza.

"Yupo. Na 'iko' ni ya sufuria, dada. Mtu yupo."

"Kwetu mutu iko, sufuria iko. Nipeleke kwa bwana yangu."

Aliposikia "bwana yangu" akaacha utani, akaangalia chini. Nikajua kila kitu: Kalonda alikuwa wake sasa.

Siku mbili nilimugombeza Kalonda. "Nimetembea siku kumi na saba. Utarudi."

"Na muguu huu?"

"Nitakubeba."

"Na wewe nani atakubeba?"

Siku ya tatu nikamuambia Nyamizi akae kando, kidonda nitaosha mimi. Nikafungua kitambaa. Nikageuza uso. Kalonda aliona. Nyamizi akachukua maji, akaosha, akamutania kwamba sasa atatumia nusu ya sabuni. Kalonda akacheka mpaka akakohoa.

Mimi nilikuwa nimemufuata mutu wa miguu miwili, yule aliyepanda michikichi na kutushinda wote kwa kucheza ngoma. Huyo hakuwa tena ziwani, wala Wamaza, wala popote. Huyu wa hapa alikuwa na muke wake. Hasira ikatoka yote mara moja, kama unapotua gunia na shingo inapanda yenyewe.

Nikamuambia Nyamizi: "Usimupe kambare, anamuvimbisha tumbo. Akinuna, muache tu, jioni atakuja mwenyewe."

"Kwa mguu gani?"

Tukacheka wote watatu.

Nikarudi mikono mitupu. Tangu nizaliwe sikuwa nimetembea njia ndefu bila muzigo, na niliona vitu ambavyo wakati wa kwenda sikuviona: maua ya milimani, ndege, vijito vya maji baridi.

Kijijini kwetu tulitoka watu ishirini, wanne hawakurudi. Wake zao waliniuliza mahali walipolala. Niliwaonyesha kwa kidole tu, upande jua linapotokea, sikuwa na kingine cha kuwapa. Wangu nilimupoteza yungali hai, tena niliagana naye. Wao hawakuagana na mutu. Baadaye niliolewa na babu yenu, nikazaa watoto sita, wote wazima, na sijutii hata siku moja.

Siku niliyofika, mama mukwe alikuwa amekaa nje. Aliniona peke yangu.

"Mutoto wangu amekufa?"

"Hapana, mama. Nimemuacha. Anacheka."

Akasogea kidogo kwenye mukeka, nami nikakaa.