Siku Aliyompangia Mgeni

Dada wa mapokezi hotelini kwetu humpangia mgeni siku yake juu ya meza. Kidole gumba ndicho mnara, na huko ufike asubuhi kabla jua halijawa kali. Kikombe chake cha chai ndicho soko, mchana, kwa samaki wa kuchoma. Kisha mkono huteleza hadi ukingoni mwa meza: ufukweni, jioni. Huongea upesi, akichekacheka, na humalizia, "Ukirudi na njaa, nilaumu mimi." Mimi dereva nimeyasikia hayo hadi nimeyakariri.

Juzi alikuja mzee kuchukua maiti ya mwanawe, mgeni wetu aliyezama baharini wiki iliyopita. Hospitali ilimwambia arudi kesho yake. "Binti yangu," akamwambia dada, "nipitishe alikopita mwanangu." Safari hii mikono ilitulia. Alivua beji, akaingia garini nyuma pamoja naye. Mnarani alimshika mkono kwenye ngazi. Sokoni alimwagizia samaki, akamchambulia miiba, lakini yeye mwenyewe hakutia kitu kinywani.

"Na kutoka hapa ulimwelekeza wapi?" mzee akauliza.

Nilidhani atadanganya; ningekuwa mimi, ningedanganya.

"Ufukweni, baba," akasema. "Nilimwambia bahari imetulia."

Mzee aliisogeza sahani pembeni. Kisha akanawa mikono, akainuka. "Twende," akasema, akaja kukaa kiti cha mbele, karibu nami.