Barafu ya Ikola na Kazi ya Yusufu

Niliondoka Mpanda kwa sababu mota ya mtambo wa barafu wa Ikola ilikuwa imeungua, na kikundi cha wavuvi wanaoumiliki mtambo huo hakikuwa na ubavu wa kuunguza nyingine. Mwenyekiti wao, Mama Zawadi, alinipigia simu akaniomba, mimi fundi wa mitambo, niende kabla hawajafunga mota mpya, niwachagulie namna ya kuiendesha kompresa yao. Kompresa ndiyo mashine inayozungushwa na mota na kugandamiza gesi ya amonia ili ilete ubaridi. Ikisimama hakuna barafu, na bila barafu samaki wao, migebuka, huharibika kabla ya kufika sokoni Makanyagio, hapa Mpanda.

Asubuhi ya safari, mtaani kwangu Shanwe kulikuwa na manyunyu. Nilipata nafasi kwenye gari la samaki lililokuwa likienda ziwani. Barabara ilikuwa matope, na mara mbili tulisimama kupisha ng'ombe wa familia za Kisukuma zilizokuwa zikihamisha makazi. Dereva hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia tu kwamba siku hizi anarudi Mpanda na gari nusu tupu, kwa sababu ziwa limegoma.

Ikola tulifika mchana. Ziwa lilikuwa la kijivu, na vichanja vya dagaa vilikuwa vitupu vikinyeshewa. Nilipokelewa na Yusufu, mwendeshaji wa mtambo, mtu wa umri wangu, mpole, mwenye alama ya kuungua kwenye kiganja. Aliweka begi langu nyumbani kwake, kisha tukaenda kuangalia mashine.

Kilichoiua mota kilionekana wazi. Kompresa ilikuwa na silinda sita, imenunuliwa enzi za samaki wengi. Samaki walipopungua, barafu haikutumika sana, chumba chake kikawa kinajaa haraka. Yusufu akawa anazima na kuwasha kutwa nzima, na kila ikiwashwa mota ilivuta umeme kwa pupa mpaka jenereta ikalia. Aliniambia amesikia kuna kifaa cha elektroniki cha kupunguza mwendo wa mota. Kikifungwa, alisema, mashine itatembea polepole kila siku bila kuzimwa. Aliongea kwa matumaini, nami nilielewa sababu. Alikuwa analipwa kwa siku ambayo mtambo umetembea.

Jioni mkewe, Mama Neema, alitupikia ugali na samaki aina ya kuhe. Aliniuliza kama mambo yatakaa sawa. Nikamjibu kwamba bado naangalia, ingawa nilikuwa nimeshajua.

Kesho yake wanakikundi walikusanyika kwenye banda la mtambo. Niliwaeleza kwamba kifaa kile ni kizuri, ila si kwa mashine yao. Pampu ya oili ya kompresa inazungushwa na mhimili uleule unaosukuma pistoni, hivyo ukipunguza mwendo kupita kiasi, oili haifiki kwenye beringi na chuma kinakula chuma. Tena umeme wa jenereta yao unapanda na kushuka ovyo. Ungekikaanga kifaa hicho, na Mpanda nzima sijui wa kukitengeneza.

"Kwa hiyo unatuchagulia nini?" aliuliza Mama Zawadi.

"Tufunge vali za kuzipumzisha silinda nne. Pistoni zitaendelea kuzunguka, lakini gesi itagandamizwa na silinda mbili tu. Mota itawaka kwa mzigo mdogo, haitaungua. Lakini hata hizo mbili zinagandisha barafu nyingi kuliko inayohitajika kwa samaki mnaowapata. Wala msiuwashe mtambo kila siku. Uwasheni siku za samaki tu."

"Siku za samaki," alisema Yusufu taratibu. "Wiki iliyopita hazikuwepo, fundi."

Mama Zawadi alitazama chini, halafu akasema wafuate ushauri wangu, kwa kuwa mota nyingine hawataipata.

Nilibaki Ikola kufunga vali na mota. Yusufu alinisaidia kila hatua, akakaza kila nati kwa uangalifu. Mashine ilipowaka, jenereta haikulia. Watu walipiga makofi kidogo wakatawanyika. Nyumbani Mama Neema aliendelea kunitengea chakula, ila hakuniuliza tena kitu.

Siku ya kurudi, Yusufu alinisindikiza hadi kwenye gari. Aliuliza kama Mpanda kuna mtambo mwingine unaohitaji mtu. Nilimwambia nitaulizia. Na kweli niliulizia, Makanyagio hadi Shanwe, nikakosa.

Zamani nikiitwa kuchagua, nilikuwa nauliza mzigo wa mashine na umeme unakotoka. Tangu safari ile nauliza pia nani anaiendesha na anaishi vipi. Jibu halijawahi kubadilisha chaguo langu, ila linanichelewesha kulitamka.

Baada ya mvua kuisha Yusufu alinipigia. Alisema mtambo unatembea vizuri, hausumbui hata kidogo. Nilifurahi, nikamwomba anisikilizishe mlio wake.

"Mimi naambiwa tu, fundi," alisema. "Niko Kigoma, nabeba mizigo bandarini."